Gmsh kwenye laptopu ya karakana: uzoefu wangu Kisumu

Kazi yangu ni kuchora na kukagua vyuma kabla havijachomelewa, katika karakana iliyo karibu na soko la Kibuye. Wateja wengi ni wenye trela za miwa kutoka Muhoroni na Chemelil, na swali lao ni lile lile: hii itabeba? Najibu kwa kutumia programu ya Gmsh kutengeneza meshi, yaani umbo lililokatwa vipande vidogo, halafu programu ya CalculiX kupiga hesabu ya nguvu kwenye vipande hivyo. Zote mbili ni za bure. Gmsh ilianzishwa na Christophe Geuzaine na Jean-François Remacle wa Ubelgiji, na ukishaipakua haikudai intaneti tena. Kwa sisi wa kununua bando la siku, hilo si jambo dogo.

Unaifungulia faili ya STEP (mchoro wa umbo la pande tatu), inakata umbo lako vipande vidogo vilivyoungana kwenye nodi, yaani vituo vya kuunganishia. Bonyeza 1 upate mistari, 2 upate nyuso, 3 ijaze ndani. Basi.

Kabla ya kuitumia kwa mali ya mtu, niliipima kwa kitu ninachoweza kukipigia hesabu kwa kalamu: bamba la chuma la urefu wa mm 500, upana mm 50 na unene mm 10, limebanwa upande mmoja, na ncha ya pili inasukumwa chini kwa nguvu ya nyutoni 200. Ukichukua ugumu wa chuma kuwa GPa 200, kanuni inasema ncha itashuka mm 10. Sasa, Gmsh ukiiacha ilivyo hutoa elementi (ndivyo vipande vyenyewe) za daraja la kwanza, yaani vipande vya nyuso nne vyenye nodi 4, moja kwa kila kona. Nikiwa na safu moja tu ya vipande hivyo kwenye unene wa bamba, jibu halikufika hata nusu ya mm 10. Kingo za vipande hivyo hubaki zimenyooka, havijui kupinda, kwa hiyo bamba linaonekana gumu kuliko lilivyo. Nikaingia kwenye mipangilio nikaweka daraja la pili, kila kipande kikapata nodi 10, na jibu likatua karibu kabisa na lile la kalamu. Picha zote mbili zilikuwa na rangi za kupendeza vile vile. Mteja angezikubali zote.

Kilichonifanya nisiiache ni breketi ya kuungia trela. Mwenye trela alilalamika kwamba ufa huanzia kona ya ndani kila mara. Nilipoichora na kona kali kama ilivyo, kila nikipunguza ukubwa wa vipande mkazo (nguvu kwa kila eneo la chuma) ulipanda, nikipunguza tena ukapanda tena. Mwenzangu karakanani alitaka tuchukue namba ya mwisho tuongeze unene wa chuma. Lakini namba ile ilikuwa ya meshi, si ya chuma: kona ya ndani iliyo kali kabisa haina kikomo kwenye hesabu hizi, na ungeweza kuendelea kuipandisha hadi kesho. Tukaizungushia kona duara la nusu kipenyo mm 8, nikaiambia Gmsh isage vipande pale tu na kwingine iache vikubwa. Mkazo ukatulia. Hapo sasa unaweza kuulinganisha na uwezo wa chuma chako na kuzungumza na fundi. (Ubora wa weldi yenyewe programu haiuoni, hilo ni jicho la fundi.)

Kero zipo. Sura yake ni ya kizamani na menyu zake hazimhurumii mgeni. Vipimo haviulizi: ukichora kwa milimita, ni juu yako kukumbuka kwamba mkazo utatoka kwa megapaskali na kwamba uzito wa chuma unauandika kwa tani kwa milimita ya ujazo. Na usipoweka yale makundi inayoyaita ya kifizikia, ya kuiambia sehemu zipi zihifadhiwe, faili ya inp inayopelekwa CalculiX inatoka na kila kitu, hata pembetatu za juu ya uso na mistari, na CalculiX inavihesabu kama vyuma vya ziada. Michoro inayotoka kwa watu nayo huja na nyuso ndogo zisizo na maana, hapo unapata vipande vyembamba kama miiba ya ngege. Fungua dirisha la takwimu uangalie ubora kabla ya kusonga mbele.

Nyota nne kati ya tano. Ila ukipunguza ukubwa wa vipande kwa nusu kila mahali, idadi yake inaongezeka kama mara nane, kwa hiyo mwenye laptopu ya RAM ya GB 4 asage kona zake tu, na aokoe kazi yake mapema kabla stima haijapotea.