Lori jipya, waranti ipo, lakini gari limelala yadi

Lori lenyewe sina ugomvi nalo. Ni kichwa kipya cha dizeli kutoka China, yaani ile sehemu ya mbele inayovuta trela, nimekichukua kwa mkopo wa benki kwa ajili ya njia ya Dar es Salaam hadi Tunduma. Kikiwa kizima kinavuta vizuri, na unywaji wake wa mafuta ni wa kuridhisha. Ninachotaka wenzangu mnaojipanga kununua mkijue ni jinsi waranti inavyofanya kazi siku unapoihitaji, maana siku ya kununua mazungumzo yote huwa ni miezi na kilomita.

Yangu iliandikwa mwaka mmoja au kilomita laki moja, lolote litakalotangulia. Hata nusu ya kilomita hizo hazijafika, dereva akanipigia akiwa anapanda mlima wa Kitonga na mzigo: "Bosi, gari limekata nguvu, taa ya injini imewaka." Alijikongoja mpaka Ilula. Mzigo tukauhamishia lori la mtu mwingine kwa pesa yangu, kichwa kikarudishwa Dar kwa kuvutwa, na hiyo pia ni pesa yangu. Kuvutwa hakumo kwenye waranti.

Mafundi wa yadi ya wakala aliyeniuzia niwape haki yao. Walifunga vichupa sita vya plastiki juu ya injini, kila kimoja kikipokea mafuta yanayorudi kutoka kwenye nozeli yake, kile kifaa kinachopuliza mafuta ndani ya injini, wakawasha. Vitano vilipanda taratibu, vinalingana. Cha nne kikajaa upesi mno, mwenyewe nimesimama pale naona. Kwenye injini hizi za komoni reli, ambazo bomba moja linalisha nozeli zote, mafuta yanasukumwa kwa shinikizo la zaidi ya baa 1,000. Nozeli moja ikirudisha mafuta kupita kiasi, shinikizo linashuka na kompyuta inabana nguvu ili injini isiharibike. Kabla ya saa sita mchana tatizo lilishajulikana.

Hapo ndipo kusubiri kulipoanza. Nozeli haikuwepo stoo, na wakala haagizi spea ya waranti mpaka kiwanda kikubali dai. Kiwanda kikataka picha ya kibao cha chesisi, picha ya kilomita, kumbukumbu za sevisi na video ya vile vichupa. Kila tukituma, linarudi swali jingine. Wiki zikapita, kisha likaja jibu ambalo kila mwenye gari la dizeli ataambiwa siku moja: "Mafuta machafu, waranti haihusiki."

Nilikataa. Dereva wangu hanunui mafuta ya madumu barabarani, na risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, za kila kituo ninazo kwenye faili. Kiwango cha juu cha salfa kwenye dizeli ya Afrika Mashariki kilishushwa hadi 50 ppm, yaani sehemu 50 kwa milioni, mwaka 2015, basi kama gari linauzwa hapa lazima liweze kutumia mafuta ya hapa. Nikaomba chujio la kutenganisha maji lifunguliwe mbele yangu. Lilitoka safi, halina maji wala kutu. Nikapiga picha, nikamwambia msimamizi wa yadi asaini karatasi kwamba ameliona.

Muda wote huo rejesho la benki linakatwa, bima inakwisha siku zake, dereva ana watoto wa kulisha. Na waranti nayo inazidi kwenda gari likiwa limelala! Mkataba hausemi popote matengenezo yachukue muda gani. Nikaandika barua rasmi nikitaja Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, nakala nikaipeleka Tume ya Ushindani, FCC, ambayo hupokea malalamiko ya walaji. Baada ya barua hiyo meneja alinipigia mwenyewe, na nozeli ikaletwa kwa ndege.

Kuifunga ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Waliingiza pia namba zilizochongwa kwenye nozeli mpya ndani ya kompyuta ya gari. Hakikisha hilo linafanyika, kwa sababu bila hizo namba injini inaweza kutetema na kutoa moshi.

Anayetaka kununua, kabla hajasaini aombe kuingia stoo na kuonyeshwa nozeli, pampu na sensa za gari hilo hilo analolitaka. Adai iandikwe kwamba siku za kulala yadi zinaongezwa kwenye waranti, na nani analipa gari likivutwa. Wakikataa kuandika, pesa zako bado ziko mfukoni.

Lori nalipatia nyota nne. Mafundi wa yadi, nne. Utaratibu wao wa waranti, moja, na itabaki hivyo mpaka wanijibu kwa maandishi kuhusu zile siku zangu zilizopotea.