Paka huyu ni mwongo, na nampenda: kitabu cha picha cha leo

Haya jamani, karibuni tena. Video ya wiki iliyopita haikutoka, kipaza sauti kilikata roho, nisameheni. Leo tuna kitabu cha paka anayeongea. Jalada gumu, kurasa 32 kama vitabu vingi vya picha, hayo mnayajua, tupite.

Njooni hapa. Ngoja nisogeze kamera. Ukurasa wa kulia, chini kabisa, paka anamwambia bibi: "Wallahi, maziwa yako sijayagusa…" Basi, nukta tatu, ukurasa umekwisha. Sasa usigeuze haraka! Mwache mtoto ateseke kidogo. Shika pembe hivi, inua polepole… mnaona? Mkia unatangulia. Halafu paap! "…kwa mkono." Na kichwa kizima kimo ndani ya sufuria!

Nimekisoma mara nne tangu asubuhi na bado nacheka. Tazameni, hakuna neno hata moja linalosema kaiba. Picha ndiyo inayomchongea. Mimi nahangaika na maandishi, mwanangu ambaye hata "a" haijui kanipokonya kitabu: "Mwongo! Ona masharubu yake!" Kweli, meupe pee. Sikuwa nimeyaona.

Mliniomba nikilinganishe na vile vya vitufe vya sauti. Aa, vile unabonyeza, paka analia nyau, betri ikiisha paka bubu. Na bei viko juu. Hapa sauti unatoa mwenyewe. Mimi wangu anaongea kwa puani kama mzee anayedai kodi. Ingawa hiki nacho si rahisi, jalada gumu hilo. Mfuko ukibana, subirini kama kitatoka cha jalada laini.

Rangi mwanzoni sikuzipenda, naona zimefifia. Sasa nimezizoea, hata naona bila ufifu huo yale masharubu yasingefichika.

Lakini ukurasa wa mwisho! "Basi watoto, tusiseme uongo." Nani kauliza? Karatasi kubwa ukiikunja mara nne ndiyo unapata kurasa 32, hakuna za ziada, halafu mmoja mzima unaupa hotuba? Tena mtoto keshamkamata mwizi mwenyewe!

Nimeubana kwa klipu, huu hapa. Bonyezeni kengele, wiki ijayo ni kasuku. Na mwanangu akiuliza nani kabana ukurasa, nitamwambia mimi sijaugusa…