Dawa ya migreni imenifaa, ila farmasi ile!

Mpasuko wenyewe ulikuwa mdogo kuliko ukucha wa mtoto, pembeni kabisa mwa noti ya dola 20. Nilikusudia kuandika juu ya sumatriptan, dawa yangu ya migreni, lakini kila nikianza narudi kwenye noti hiyo, basi acha nianze nayo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, Kongo. Kipandauso, ambacho huku wengi tunakiita migreni, kilinianza nikiwa msichana. Nimeambiwa ni malaria, nimeambiwa ni tansio, yaani shinikizo la damu, nimeambiwa nimerogwa, na mara nyingi zaidi nimeambiwa nawaza sana. Nimemeza Paracetamol na Ibuprofen hadi tumbo likakataa. Dokta mmoja tu ndiye aliyeniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, kabla kichwa hakijauma, macho yanaona nini?" Nikamweleza ile mistari yenye meno kama ya msumeno, inayometameta upande mmoja. Akanipima tansio, akauliza habari za moyo wangu na za moyo wa mama yangu, ndipo akaandika ordonansi, yaani cheti cha dawa: sumatriptan, miligramu 50.

Alinieleza polepole kwamba hii si dawa ya kila maumivu. Inagusa vipokezi vya serotonini, kemikali ya mwilini, na kubana mishipa ya damu kichwani, ndiyo maana mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, au mwenye tansio isiyoshikika hapewi. Nisiifikishe siku kumi kwa mwezi, la sivyo dawa yenyewe itazaa maumivu ya kichwa. Tena nimeze maumivu yanapoanza. Nisiwahi wakati macho bado yanaona taa tu, na nisichelewe, maana kipandauso kikishika sana tumbo nalo hulala, na kidonge hukaa humo kama jiwe.

Mara ya kwanza nilitishika. Shingo na kifua vilikaza, kana kwamba mtu ameniwekea mfuko wa unga juu yangu. Dokta alikuwa ameshanionya, nikatulia, na hali hiyo ikapita. Baada ya saa moja na kitu kichwa kikaanza kuachia. Jioni ile nilisonga bukari mwenyewe. Watoto wakala, nami nikakaa nao mezani nikiwatazama, machozi yananitoka. Miaka yote ile, siku ya kipandauso watoto wangu walikuwa wakipikiwa na jirani.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Oktoba, joto lile la kabla ya mvua, bati la darasa linawaka. Nasahihisha madaftari, nikaona katikati ya neno herufi hazipo. Halafu ile misumeno. Plaketi yangu ya vidonge mkobani ilikuwa tupu, kosa langu hilo nalikubali. Lakini nilijua nina kama nusu saa, na farmasi iko dakika tano kwa miguu. Nikatoka na ordonansi mkononi.

Binti wa kaunta alikuwa na simu sikioni. Nikamsalimu, hakuitika. Nikamwambia: "Mwanangu, nisaidiye mbio, kichwa inaanza." Akaitazama ordonansi bila kuishika.

"Kichwa tu, mama? Kamata Paracetamol, iko bei chini."

Kichwa tu! Nikamwomba aisome tena. Akapokea noti, akainyanyua, akaigeuza, akanirudishia. "Mama, hii inapasuka. Hatukamatake. Enda kwa kambisti."

Najua, mji mzima wanakataa dola zilizochanika, hata mimi ningeogopa kubaki nayo. Lakini nilimwambia nitamwachia noti, nimwachie na simu yangu, anipe kidonge kimoja tu. Alikuwa amesharudi kwenye mazungumzo yake.

Kambisti alikuwa ng'ambo ya barabara, mezani kwake juani, na marundo yake ya faranga. Jua lile likaniingia jichoni kama sindano. Aliikata noti bei, kama wafanyavyo, lakini yeye angalau aliniangalia usoni. "Mama, uko mugonjwa?" akaniuliza, akanisogezea kiti. Mtu wa kubadilisha pesa barabarani aliona kile ambacho mwuza dawa hakukiona.

Niliporudi maumivu yalikuwa yamefika. Binti anamhudumia mtu wa sabuni. Umeme umekatika, jenereta inanguruma mlangoni. Zamu yangu ilipofika alichukua mkasi, akakata vidonge viwili kutoka kwenye plaketi. Tarehe ya mwisho wa dawa ikabaki kwenye kipande chake, karatasi ya maelezo ikabaki ndani ya boksi. Nilipoomba nione boksi akaudhika: "Mama, tunaweza kukudanganya?" Nikameza palepale. Sikufika hata barabarani, nikatapika na kidonge chote. Mama mmoja muuza mboga akavua kitenge chake akanifunika kichwa.

Cha pili sikuthubutu. Dokta alisema kama cha kwanza hakikusaidia nisirudie kwa shambulio lilelile. Kinarudiwa tu kama maumivu yalikwisha kisha yakarudi, tena baada ya saa mbili au zaidi. Nililala gizani hadi kesho yake alasiri. Darasa langu likakaa bila mwalimu.

Kwa siku kadhaa nilimwambia kila mtu kwamba dawa hii ni bure. Nilimwambia hata mwalimu mwenzangu anayeugua kama mimi, na hilo linaniuma, maana si kweli. Tangu hapo nimeimeza mara kadhaa, mapema, na kila mara imenisimamisha. Isipokuwa mara moja, nilipochelewa. Kwa hiyo ukiniuliza, ndiyo, ni dawa nzuri. Halafu nakumbuka ile kaunta na nashindwa kusema neno "nzuri" hadi mwisho. Dawa inayohesabu dakika inauzwa na mtu anayeona dakika zangu si kitu!

Siku hizi vidonge viwili haviondoki mkobani, vikiwa kwenye plaketi yenye tarehe, na siku ninazomeza naziandika nyuma ya daftari la mahudhurio.

Niliapa sitakanyaga tena mahali pale. Juzi nilizunguka farmasi nne, hawana. Nikaingia. Binti ni yuleyule. Nikampa noti mpya, haina hata mkunjo. Akainyanyua kwenye mwanga, akaigeuza mara mbili, kisha akaniuliza: "Ni ya nini, mama?"

Nikamjibu: "Kichwa." Nikasimama palepale hadi akaleta boksi zima, nikaisoma tarehe mbele yake.