Jeep Cherokee ya boksi: injini ipi ya kurudishia ukiwa Unguja au Pemba

Injini ya lita 4.0 ya Cherokee haifi kirahisi. Ikifa, mara nyingi imeuliwa na joto, na mwenye gari hubaki na njia nne: kuifanyia ovahooli hiyo hiyo, kununua ya mtumba ya aina ile ile, kufunga ya Toyota, au kukubali dizeli ya 2.5 ambayo kila mwenye nayo anataka kuitoa. Hapa tunazipima kwa hali ya visiwani, ambako kipuri kikikosekana mjini kinasubiriwa kwenye boti ya Dar, na kikikosekana Gerezani, kwenye maduka ya vipuri ya Dar, kinasubiriwa kwenye meli.

Hukumu yetu tunaitoa mapema: 4.0 irudishiwe 4.0. Shida ni kwamba chini ya jina hilo moja kuna injini za aina tatu, na muuzaji atakwambia zote ni sawa.

Ya kwanza ni ya 1987 hadi 1990, yenye mfumo wa umeme wa Renix. Ya pili ilianza 1991, nguvu farasi 190, na ndiyo iliyomo kwenye Cherokee nyingi za usukani wa kulia zilizouzwa Japani, kule ambako Honda ndiye aliyekuwa na madirisha ya mauzo. Ya tatu ni ya 2000 na 2001: haina distributa, koili zimepangwa kwenye reli moja juu ya plagi. Bloku zinafanana. Hedi, manifoldi na umeme ndiko zinakoachana. Tundu za hewa za hedi ya 1991 kwenda mbele zimeinuliwa juu kuliko za Renix, kwa hiyo manifoldi ya zamani haikai sawasawa. Ukiwa na Renix, tafuta Renix, au ujiandae kuhamisha umeme mzima wa gari. Kwa fundi wa kawaida kazi hiyo ya pili hatuishauri.

Namba ya kusoma kwanza iko ubavuni mwa bloku, upande wa kulia, kwenye sehemu iliyosawazishwa kati ya silinda ya pili na ya tatu. Futa uchafu kwa petroli na brashi ya waya. Ukikuta 801MX12, maana yake tarakimu ya kwanza ni mwaka, mbili zinazofuata ni mwezi, MX ni lita 4.0, na mwisho ni siku: 12 Januari 1998. Ukikuta inaanza na 0 au 1, usikimbilie kusema ni mpya, kwa sababu 0 yaweza kuwa 1990 na yaweza kuwa 2000. Tazama kama ina distributa.

Namba ya pili ndiyo inayoamua pesa itoke au isitoke. Fungua kava la valvu usome namba iliyosubiwa kwenye hedi, tarakimu nne za mwisho. 7120 ni ya 1991 hadi 1995, nzuri. 0630 ni ya 1996 hadi 1999, nzuri pia. 0331 ni ya miaka ya mwisho, na hiyo hupasuka katikati, kati ya silinda ya tatu na ya nne, maji yakaingia kwenye oili. Za mwisho kabisa ziliimarishwa, na zimeandikwa TUPY katikati. Kwa hiyo 0331 isiyo na TUPY tunaikataa hata ikiwa kavu na safi siku unapoiona, labda bei iwe ya bloku tupu na wewe una hedi nyengine mkononi. Muuzaji asiyekubali kava lifunguliwe, mwache na injini yake.

Injini za mtumba zinazotufikia hutoka Japani kwa makontena ya vipuri, Dar, au Sharjah. Za Sharjah nyingi ni za Grand Cherokee. Zinaingia, ila kila kilichoning'inizwa nje ya bloku ukihamishe kutoka kwenye injini yako: mabano ya maunti, ya alternata na ya kompresa, manifoldi, nozeli, distributa, sensa zote, na sahani ya flaiwili. Usione uvivu kwenye reli ya mafuta. Za mwisho wa miaka ya 1990 hazina bomba la kurudisha mafuta na zinafanya kazi kwa psi 49. Za nyuma yake ni kama psi 39. Ukizichanganya, injini itawaka, kisha itakula mafuta au itakosa nguvu, na fundi ataanza kubadilisha plagi bure.

Kuna kosa moja dogo kwenye kuchanganya huku linaloua injini iliyokuja nzima. Cherokee ya 1991 hadi 1995 inasoma joto la dashibodi kwa sensa iliyochomekwa nyuma ya hedi. Hedi ya 0630 ina kinundu pale pale lakini hakikutobolewa. Fundi akiona hakuna tundu, anaufunga waya pembeni, na mshale unalala chini daima. Mwenye gari anafurahi kwamba injini mpya haichemki. Tundu litobolewe na kukatwa uzi hedi ikiwa bado iko mezani, chembe zote zitoke ndani.

Kabla ya kulipa, fanya hivi pale pale sakafuni. Toa plagi zote sita. Zungusha krenki kwa spana ya 19 kwenye boliti ya puli ya mbele, mizunguko miwili kamili; ikikwama pahala, kuna kutu ndani ya silinda, na injini iliyokaa wazi karibu na bahari haikosi. Mimina oili, funga stata na betri, upime kampresheni. Kila silinda iwe kati ya psi 120 na 150, na tofauti baina ya kubwa na ndogo isizidi 30. Kwa hiyo sisitiza injini ije na nyumba yake ya gia boksi, vyenginevyo stata haina pa kushikilia. Mwisho, shusha beseni la oili. Pistoni za 4.0 zina tabia ya kuvunjika sketi, na vipande huvikuta vimelala mle chini. Ukivikuta, mazungumzo yamekwisha.

Injini ikiwa nje, badilisha vizibo vya duara vya ubavuni mwa bloku vyote, sili ya nyuma ya krenki, na gasketi ya kava la valvu. Hizi mbili za mwisho husingiziana: kava likivuja, oili hutambaa nyuma ya bloku na kudondokea pale pale inapodondokea sili, na watu wameshusha gia boksi kwa gasketi tu. Boliti mbili za juu za nyumba ya gia zina kichwa cha nyota na zinataka soketi ya E12. Nunua soketi hiyo mapema; fundi asipokuwa nayo atazing'ata kwa plaiz mpaka ziwe duara.

Ovahooli tunaipa nafasi ya pili, na kwa bloku nzuri yenye hedi ya 0630 huenda ikawa ya kwanza. Sharti lake ni moja: pistoni zifike ndipo silinda zichongwe. Saizi za kawaida ni inchi 0.020 na 0.030 juu ya standadi. Karakana ikichonga kwanza kwa kukisia, unabaki na bloku ya 0.030 na pistoni za 0.020, na Dar nzima hakuna nyengine. Kemshafti mpya iende na tapeti mpya, zipakwe grisi ya kufungia, na injini ikiwaka mara ya kwanza isiachwe kwenye sailensa, yaani mzunguko wa chini bila kukanyaga mafuta: ishikilie mizunguko 2,000 hadi 2,500 kwa dakika 20. Tapeti hizi ni bapa na zinataka oili yenye zinki. 15W-40 ya dizeli inafaa kwa joto letu. Inaingia lita 5.7 pamoja na filta.

Hedi ikazwe kwa awamu tatu, Nm 30, 61, kisha 149, kuanzia katikati kwenda nje. Boliti namba 11, ya mbele kushoto, inaishia kwenye maji: ipakwe gundi ya uzi na ikazwe 135 tu. Gereji inayokaza hedi kwa mkono na kuhisi, usiipe kazi hii.

Toyota sasa. Injini za 1JZ na 2JZ zinatamanisha kwa sababu Mark II na Crown zimeleta vipuri kila mtaa, na gia boksi ya Cherokee, AW4, imetengenezwa na Aisin-Warner, ukoo mmoja na A340 ya Toyota. Hapo ndipo watu wanapodanganyika. Ukoo mmoja si kufungana boliti kwa boliti. Beseni la oili la gari lisilo na ekseli ya mbele litagongana na ekseli ya Cherokee, umeme unataka fundi anayejua kuunganisha kontroli boksi mbili, na ukishindwa kuunga gia ya forwili umebaki na gari la kawaida lililoinuliwa. Dizeli ya Toyota iitwayo 5L, lita 3 bila tabo, ni ya maana zaidi kwa anayebeba mizigo Nungwi na kurudi kila siku, maana 4.0 mjini inatoa kilomita 6 hadi 7 kwa lita, na hilo halina dawa. Gari litakuwa zito kupanda, lakini litalipa. Dizeli ya 2.5 ya VM iliyokuja na Cherokee za Uingereza ina hedi nne tofauti, moja kwa kila silinda. Hapana.

Vyovyote utakavyochagua, usifunge injini kwenye rejeta ya zamani. Rejeta mpya, feni klachi, thermostati ya digrii 91, na thermostati ibaki mahali pake. Kuitoa hakupozi gari, kunaficha ugonjwa. Mfumo unachukua kama lita 11.4, nusu kulenti nusu maji ya kuchujwa ya betri. Maji ya visima vyetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe. Yana chokaa, na pwani ya mashariki yana chumvi, na rejeta nyembamba kama ya Cherokee haiyavumilii.

Karatasi: namba ya injini imo kwenye kadi ya gari. Nenda ofisi ya usajili kabla ya kununua, uliza wanataka nini, na udai risiti ya mauzo na karatasi za forodha zenye namba ile ile uliyoisoma kwenye bloku. Kwa wa Pemba, toa oili na maji yote na uzibe matundu kwa plastiki na tepu kabla injini haijapakiwa bandari ya Malindi, Unguja, kwani itakaa sitahani ikipigwa na maji ya bahari hadi Mkoani.