TAHADHARI: Pikapu za chasisi ya kuunga na difu iliyonyamazishwa

Mnaotafuta Hilux kuukuu za kazi, fungueni macho. Zinauzwa gari zilizokatika chasisi nyuma ya kabini, zikachomelewa na kupakwa rangi nyeusi chini. Tangazo linasema "haina kazi, ni kuwasha na kuondoka", na dalali anadai kishika uchumba (malipo ya awali) kabla hujaliona gari. Usitoe.

Rangi mbichi chini ya gari la miaka 20 tayari ina neno. Pitisha sumaku kwenye mihimili yote miwili ya chasisi. Isiponata, hapo pana puti au faiba ya kuziba matundu. Angalia nafasi kati ya kabini na bodi ya mizigo: ikiwa pana juu na finyu chini, mkia wa chasisi umelala. Kisha piga jeki kona moja ya nyuma, kwenye chasisi yenyewe, halafu fungua na ufunge milango. Chasisi ya aina hii hujipinda kidogo, ndivyo ilivyoundwa, lakini mlango ukigoma, au rangi ikipasuka kwenye mshono wa weldi, ondoka. (Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki tupu.) Mshono mbaya kuliko yote ni ule wa wima uliokata mhimili moja kwa moja bila bamba la kuimarisha, kwa sababu mzigo wote unaangukia mstari mmoja.

Nyoosha usukani, upime kwa futi kamba kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, pande zote mbili. Zikipishana milimita 10, ama chasisi imepinda ama ekseli imehama, mara nyingi kwa senta bolti ya springi (inayoiweka ekseli mahali pake) iliyokatika. Tairi ya nyuma inayolika ukingo mmoja inaashiria hausingi (ganda la ekseli ya nyuma) iliyopinda. Hapo beringi hufa upesi, sili (mpira wa kuzuia oili) inavuja na oili inalowesha breki. Kubadilisha sili peke yake ni hasara.

Kwenye difu (gia za ekseli ya nyuma) ndipo wanapojanjaruka zaidi: hujaza grisi ili kuzima mlio. Fungua tundu la kujazia. Oili ya 80W-90 hutiririka. Ikitoka nzito kama uji, umeshajua. Chovya sumaku: ute wa kijivu ni kawaida, vipande vya chuma ni meno yanayokatika. Usikubali kuzungushwa mtaani dakika tano. Endesha hadi difu ipate moto, grisi ilainike, ndipo usikilize. Mlio unaosikika ukikanyaga mafuta au ukiachia unaelekeza kwenye kraunwili na pinioni (gia kuu za difu) au beringi zake. Mngurumo unaobadilika ukikata kona ni beringi ya gurudumu.

Mwisho, namba ya chasisi. Kwenye Hilux imegongwa mhimili wa kulia, karibu na gurudumu la mbele. Ilinganishe na kadi ya gari. Ukikuta weldi kando yake, usilipe hata shilingi.