Besi ya kununua kama unapiga jukwaani usiku kucha: anza na mkanda, sauti baadaye

Malalamiko yanayonifikia zaidi kutoka kwa wapiga gitaa la besi wachanga hayahusu sauti. Yanahusu bega. Kijana kanunua besi, kaipenda dukani, kaijaribu akiwa amekaa kwenye stuli, sauti ikamridhisha. Shoo ya kwanza inakwisha saa nane usiku, bega la kushoto linawaka na kidole gumba kimekufa ganzi. Anadhani ni ugeni wa kazi. Miezi inapita, hali ni ile ile, ndipo ananiandikia kuuliza kama abadilishe nyuzi.

Nyuzi hazina kosa. Namuuliza swali moja tu: ukisimama na mkanda begani, ukaachia mikono yote miwili, kichwa cha gitaa kinatulia au kinaporomoka kuelekea sakafuni? Karibu wote hujibu kwamba kinaporomoka, na wanashangaa kusikia kuwa hiyo ni kasoro. Walidhani besi zote ndivyo zilivyo.

Basi humu sitajadili rangi wala idadi ya freti, vile vijiti vya chuma vinavyoikata shingo. Hayo muuzaji atakueleza mpaka uchoke. Mimi nitang'ang'ania shingo inayozama, kwa sababu hakuna anayeitaja, na ndiyo inayowafanya watu wauze besi zao kwa bei ya hasara kabla ya mwaka kwisha.

Besi ya kawaida ina uzi wa inchi 34 kutoka nati, kile kipande chenye mifereji ya nyuzi pale kichwa kinapoanzia, mpaka daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye kiwiliwili. Hiyo ni shingo ndefu, aghalabu ya mbao ngumu ya mepo, na mwisho wake kuna funguo nne za chuma za kukazia nyuzi. Uzito wote huo uko upande mmoja. Upande wa pili kuna kiwiliwili, na katikati kuna bega lako. Kiwiliwili kikiwa chepesi mno, au pembe ya juu inayoshika mkanda ikiwa fupi, shingo lazima ishuke. Mkono wa kushoto, ambao kazi yake ni kukimbia juu ya nyuzi, unageuka nguzo ya kuegemeza gitaa. Kwa wimbo mmoja wa kanisani hutaona tofauti. Kwenye dansi utaiona vizuri sana: sehemu ya kuimba ikiisha chemko, ile sehemu ya mwendo wa kasi ya kuchezesha watu, linaingia, mpiga solo ana zamu yake, watu wa tarumbeta wanashuka kunywa soda, lakini besi na dramu hawatoki mpaka wimbo ufe.

Ndiyo maana nikisikia muuzaji anasifia besi kwamba ni nyepesi sana, nachukua tahadhari. Wepesi wa kiwiliwili peke yake ni mtego. Besi ya kilo nne iliyotulia inachosha kidogo kuliko ya kilo tatu inayokuvuta kushoto usiku mzima.

Kupima ni rahisi, ila wauzaji hawapendi. Nenda dukani na mkanda wako mwenyewe, wa nailoni laini, si wa ngozi yenye manyoya upande wa ndani. Ule wa ngozi unashika shati na kuficha ugonjwa: shingo haianguki, lakini inavuta shati na bega pamoja nayo. Tena vaa shati linaloteleza. Sare za bendi nyingi hapa mjini ni za satini au kitambaa kingine cha kung'aa, na mkanda juu ya satini unakwenda wenyewe. Simama wima, elekeza shingo juu kidogo kama unavyopiga, kisha achia polepole. Ikibaki palepale, nunua. Ikishuka mpaka ikawa sambamba na sakafu na kusimama hapo, unaweza kuivumilia. Ikipitiliza, irudishe ukutani, hata kama sauti yake imekutoa machozi.

Sasa niseme ninazozipenda. Sifichi: mimi ni mtu wa Yamaha, na namba moja yangu ni familia ya BB. Kama mfuko unaruhusu, BB434. Kama hauruhusu, BB234. Zote zina pikapu mbili (sumaku zinazonasa mtikisiko wa nyuzi na kuugeuza umeme) za mtindo wa P na J, yaani Precision na Jazz, besi mbili za Fender, hazitumii betri, na nilizowahi kushika zilitulia begani bila mabishano. Pikapu ya P, ile iliyogawanyika vipande viwili, inafuta mvumo wa umeme yenyewe, na ukipiga kwenye baa yenye jenereta na ekstensheni tano zilizounganishwa utanishukuru. Ukiifungua pikapu ya J peke yake mvumo unarudi, kwa hiyo mimi naiacha chini, naiongeza kidogo tu nikitaka sauti ikwaruze. Najua wapo watakaosema nina upendeleo. Ninao.

Namba mbili ni Precision, na kwa mifuko yetu hiyo ina maana ya Squier, nembo ya bei nafuu ya Fender, si Fender yenyewe. Mwanzilishi wa Fender, Mmarekani aitwaye Leo Fender, alitoa Precision ya kwanza mwaka 1951, na pembe ndefu ya juu haikuwekwa kwa urembo: inapeleka kitufe cha mkanda mbele, karibu na freti ya 12, ili shingo isizame. Zaidi ya miaka 70 imepita na bado kuna viwanda havijalielewa somo hilo. Pikapu iliyogawanyika ilikuja mwaka 1957 na mpaka leo ndiyo sauti ambayo fundi mitambo anaiweka bila kuhangaika. Kati ya matoleo ya Squier, chagua Classic Vibe kuliko Affinity ukiweza, lakini pima kila moja kwa mkono wako, maana mbao hazilingani uzito hata kwenye modeli moja.

Namba tatu ni Ibanez za SR. Shingo nyembamba, nzuri kwa vidole vifupi kama vyangu, na pembe yake ni ndefu. Tatizo langu nazo ni betri. Besi yenye saketi ya betri hula betri muda wote waya ukiwa umechomekwa, hata kama hupigi. Mapumziko ya katikati ya shoo watu wanaacha waya ndani, halafu saa saba usiku besi inaanza kukoroma na kila mtu anamtazama fundi mitambo, ambaye hana kosa. Chomoa waya. Weka betri ya akiba kwenye begi.

Thunderbird za Gibson na za Epiphone nazitaja kwa ajili ya wale wanaozipenda kwa umbo. Ni nzuri kutazama, sauti yake ni nzito kweli, na kuzama shingo kumekuwa sifa yake kwa miongo. Vivyo hivyo besi zenye umbo la SG, lile gitaa la Gibson lenye pembe mbili zilizochongoka. Kama unapiga umekaa studio, sawa.

Besi za nyuzi tano: vijana wa kwaya wanazitaka zote, na hawataki kusikia neno. Kumbuka tu kwamba kichwani umeongeza ufunguo wa tano, yaani uzito zaidi palepale pasipotakiwa. Na ule uzi wa B unatoa hezi 31 hivi, wakati E ya kawaida ni 41. Spika nyingi za kumbini hazifiki huko. Unachosikia ni sauti zake za juu tu zinazoandamana na noti. Umelipia noti ambayo hakuna mtu ukumbini anayeipata.

Za bei ya chini kabisa, zile za jina lisilojulikana zinazokuja kwenye boksi moja na mkanda, begi na amplifaya ndogo: nunua ya kujifunzia nyumbani, basi. Viwiliwili vyake mara nyingi ni vyepesi na shingo zinazama. Bora Yamaha iliyokwisha kutumika, yenye mikwaruzo.

Kuhusu amplifaya sitarefusha. Ampeg SVT ya mwaka 1969, wati 300 na kabati la spika nane za inchi 10, ni historia tukufu, lakini kichwa chake, yaani boksi la amplifaya bila spika, peke yake kinazidi kilo 35 na wewe unarudi nyumbani kwa bajaji. Fender Rumble 100 ina spika moja ya inchi 12, uzito wake ni kama kilo 10, na nyuma ina tundu la kupeleka sauti moja kwa moja kwenye mikisa. Hiyo inatosha. Jukwaani unajisikia mwenyewe, ukumbi unahudumiwa na spika za ukumbi. Na ukishaingia kwenye kuta za zege na paa la bati, punguza sauti za chini, ongeza sauti za kati. Muungurumo wa chini hauna mahali pa kwenda. Unachanganyikana na dramu na mwimbaji anaanza kukugeukia kwa jicho baya.

Jambo moja la kuepusha msiba: kama ndugu aliye Marekani anakuletea amplifaya, soma nyuma kabla ya kuchomeka. Nyingi za kule ni za volti 120, hapa kwetu ni 230. Kama haina swichi ya kubadilishia, unahitaji transfoma ya kushusha umeme, nayo ni mzigo mwingine.

Halafu wauzaji. Jamani, kwa nini bei isiandikwe? Picha ya besi inawekwa, nzuri, inameta, chini yake "njoo inbox". Ukienda inbox unaulizwa uko wapi na una bajeti gani, yaani bei inategemea umetaja nini. Spika zinaandikwa wati 1000 kwa herufi za dhahabu, ukiuliza ni wati za kudumu au za kilele, kimya. Kuna duka moja Kariakoo nililotaka kujaribu besi nikiwa nimesimama. Muuzaji akaniambia mkanda unauzwa peke yake na gitaa halivaliwi kabla ya kulipiwa. Viatu vinavaliwa. Suruali inavaliwa. Gitaa la mamia ya maelfu, ambalo litakaa mwilini mwangu saa tano kwa usiku, halivaliwi!

Na bado kuna nembo. Kichwani imebandikwa Fender, ukiigusa kwa ukucha inabanduka. Angalia namba ya utambulisho, angalia skrubu za shingo, na ukiona muuzaji anasema imetoka Japani huku bamba la nyuma limeandikwa nchi nyingine, usibishane naye. Mwombe tu bei ya hiyo nchi nyingine.