Viatu viwili vya presi yangu: kimoja kizima, kimoja kimebanduka

Naandika hasira bado iko kooni, mnisamehe.

Kabla ya Ramadhani niliwapelekea karakana moja upande wa Barabara ya Nyerere, Dar es Salaam, viatu viwili vya presi yangu ya kukunja bati. Kiatu ni kile kipande kinachoteleza kwenye reli presi ikipanda na kushuka. Chuma kwa chuma havielewani: oili ikipungua kidogo tu vinaumana, vinanyofoana, reli inabaki na makovu. Ndiyo maana katikati tunaweka bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na madini mengine. Miaka yote nimechonga vibao vya bronzi nikavifunga kwa skrubu. Hawa wakaniambia hayo ya zamani, wao wanapaka kwa leza: unga wa bronzi unapulizwa, mwanga unauyeyusha palepale juu ya chuma, vinashikana vikawa kitu kimoja. Nikalipa, na si hela ndogo.

Kazi iliporudi, wallahi niliipenda. Ule mkwaruzo wa asubuhi ulikata kabisa. Vijana wangu wakadhani nimebadilisha mota.

Hata miezi haikwenda mingi. Mchana mmoja nikasikia mlio, nikafungua. Kiatu cha kushoto kimetoa ganda zima, ukubwa wa kucha ya dole gumba. Nikaligeuza. Chini jeusi, laini, halina hata alama ya kushika. Na pale lilipotoka, kwenye chuma, pana doa la kahawia. Kutu ya zamani! Walipaka juu ya kutu!

Nikalifunga ganda kwenye karatasi, nikapanda daladala kwenda kwao. Kijana wa pale mbele hakuifungua ile karatasi. Hakuifungua. Akaniambia: "Mzee, hukuweka oili. Teknolojia hii siyo ya mafundi wa Keko."

Shikamoo hakuna, pole hakuna.

Sasa nasema mimi, fundi wa Keko. Bronzi iliyokosa oili inachakaa: inapungua unene, inapata mistari, inachafua reli. Haibanduki ganda zima kama gome la mti. Kubanduka maana yake haikushika tangu siku ya kwanza. Na kushikisha shaba kwenye chuma si mchezo, hilo nakubali. Shaba inayeyuka nyuzi 1085, chuma kinasubiri hadi 1538, na shaba inaurudisha mwanga wa leza kama kioo. Ukitia moto mdogo, bronzi inakaa juu juu tu. Ukizidisha, chuma nacho kinayeyuka na kuingia ndani ya bronzi, kinaacha punje ngumu za kukwaruza reli. Kupata katikati ni ufundi mkubwa na ningewavumilia wangekosea hapo. Lakini kusugua kutu? Kutu na mafuta vikiungua vinatoa gesi, bronzi inabaki na vitundu. Mwanafunzi wa gereji anajua kwamba kabla ya kuchomelea unasafisha.

Nilikaa kuandika kwamba leza ni uongo, msipoteze hela zenu. Siwezi kuandika hivyo, kwa sababu ya kiatu cha kulia. Kipo mpaka leo. Nimekipima kwa mikromita, kimepungua kiasi cha kutafuta kwa tochi. Uso wake unang'aa rangi ya asali, reli ya upande huo haina kovu hata moja. Vibao vyangu vya skrubu havijawahi kunipa hivyo, nasema kweli. Kazi ya leza ikifanywa sawasawa ni nzuri kuliko nilivyotegemea, na ningeirudia kesho.

Kwao sirudi. Au wanirudishie kile cha kushoto bure, kikiwa kimesuguliwa mbele ya macho yangu, na yule kijana awepo. Hapana, hata hivyo sirudi.

Kushoto nimerudisha kibao na skrubu nne. Ganda nimeliweka kwenye kiberiti juu ya meza. Mwenye karakana akitaka kuliona, aje Keko.